Mazoezi ya Mikono kwa Mwenye Presha ya Mapafu

Katika familia zetu mtu akishaambiwa na daktari kwamba moyo wake umechoka, jambo la kwanza tunalofanya kwa huruma ni kumnyang'anya kazi. Jembe linachukuliwa na mtoto mkubwa, mchi unahamia mikononi mwa shemeji, na mgonjwa anawekewa kiti barazani, blanketi mabegani kwa sababu ya upepo wetu wa mwezi wa Juni. Anakaa. Akitaka kuinuka kufuata kikombe chake, watu watatu wanamwambia kwa pamoja, "Kaa tu, tutakuletea." Baada ya miezi michache hawezi kusuka nywele za binti yake, wala kuvaa shati bila kupumzika katikati. Nasi tunasema ugonjwa umeendelea. Mara nyingine ni kweli umeendelea. Lakini mara nyingine kilichomdhoofisha ni kile kiti.

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya ugonjwa mmoja ambao kwa miaka mingi hata madaktari waliuogopea mazoezi, yaani presha ya juu katika mishipa ya mapafu, na juu ya aina moja ya mazoezi ambayo mgonjwa wake anaweza kuyafanya akiwa amekaa: mazoezi ya mikono. Tunaomba msomaji asirukie mwisho wa makala. Mazoezi haya yana masharti, na masharti yenyewe ndiyo yanayookoa.

Presha ambayo mkanda wa mkononi hauioni

Tukisema "presha", wengi wetu tunafikiria ule mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa upepo kwenye zahanati. Mkanda ule unapima nguvu ya damu inayosukumwa na upande wa kushoto wa moyo kwenda mwilini kote. Moyo una upande wa pili, wa kulia, ambao kazi yake ni kusukuma damu kwenda kwenye mapafu tu ikachukue hewa safi. Upande huu una ukuta mwembamba kwa sababu kazi yake ni nyepesi. Mishipa ya mapafu ikiwa mizima, presha yake ya wastani ni kama 14 kwa vipimo vya zebaki, wakati ile ya mwili ni kama 90.

Katika ugonjwa huu mishipa midogo ya mapafu inakuwa minene kwa ndani na njia inakuwa nyembamba. Ni kama watu wote wa kijiji wanaotoka kanisani kupitia mlango mmoja uliofunguliwa nusu. Upande wa kulia wa moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu usiyoumbiwa. Mwanzoni unavimba misuli, baadaye unatanuka, mwisho unachoka. Zamani ugonjwa ulihesabiwa presha hiyo ya wastani ikifika 25. Tangu mwaka 2018 wataalamu wameshusha mpaka: ikizidi 20 tayari si ya kawaida.

Kwa hiyo mtu anaweza kupimwa mkononi, akaambiwa presha yake ni nzuri kabisa, na bado akawa na ugonjwa huu. Na kinyume chake, dawa za presha za jirani hazimfai, na baadhi zinaweza kumwangusha. Tunasema hili kwa nguvu kwa sababu desturi ya kugawiana vidonge katika vijiji vyetu bado ipo.

Dalili zake zinadanganya. Mtu anaanza kukosa pumzi akipanda kilima ambacho mwaka jana alikipanda akiimba. Anachoka bila sababu. Anasikia kizunguzungu, au anazirai akiwa katikati ya kazi. Kifua kinabana. Baadaye miguu inavimba, hata tumbo. Wengi hutibiwa pumu kwanza, wengine hupewa dawa za kifua kikuu, na wapo wanaopelekwa kwa waganga wa kienyeji kwa kuwa ni vijana na hawana homa wala kikohozi. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi katika umri wa kulea watoto.

Unatoka wapi?

Hapa hatutakaa sana, lakini ni lazima kutofautisha. Mapafu yanaweza kupata presha kwa sababu mishipa yake yenyewe imeugua. Hiyo ndiyo aina tunayoizungumzia leo. Inaweza kuja bila sababu kujulikana, inaweza kurithiwa, au ikafuatia tundu la moyo la kuzaliwa nalo, virusi vya UKIMWI (kama mtu 1 katika kila 200 wenye virusi hivyo), au kichocho cha tumbo kilichokaa miaka mingi hadi kikaharibu ini. Watu wa mwambao wa maziwa yetu wana sababu ya kukumbuka hili wanapoitwa kumeza dawa za kichocho.

Aina nyingine ni presha inayotokana na upande wa kushoto wa moyo kuziba au kudhoofika. Kati ya mwaka 2011 na 2013 madaktari wa Afrika ya Kusini, Msumbiji, Nigeria na Kamerun walifuatilia wagonjwa zaidi ya 200 wa presha ya mapafu, wakakuta zaidi ya theluthi mbili wana aina hii ya pili. Kwetu Tanzania mmoja wa visababishi vyake ni homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile inayoanza na koo kuuma na kuishia kuharibu milango ya moyo. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji dawa nyingine, pengine upasuaji wa mlango wa moyo, na mazoezi yake hupangwa tofauti. Wapo pia wanaoharibiwa mapafu na kifua kikuu cha zamani au moshi wa kuni jikoni, na wenye mabonge ya damu yaliyoganda kwenye mapafu. Ndiyo maana haitoshi kuambiwa "una presha ya mapafu". Uliza: ya aina gani?

Jibu linaanza na kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kinachoitwa eko. Hakiumi. Mgonjwa wa Kate ataanzia kwenye zahanati au kituo cha afya, apewe barua ya kwenda Namanyere au Sumbawanga, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Rukwa au ile ya Dr. Atiman, na huko aelekezwe eko itafanyika wapi, pengine Mbeya. Kipimo cha uhakika zaidi ni mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa mpaka upande wa kulia wa moyo. Kwa hicho safari ni ndefu, mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000, na hatuwezi kujifanya kwamba nauli na siku za kulala ugenini ni jambo dogo. Familia nyingi huuza ng'ombe. Lakini bila kujua aina ya ugonjwa, dawa na mazoezi yote ni kubahatisha.

Sisi wa nyanda za juu

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa Ufipa ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani havilitaji. Sumbawanga mjini iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika urefu huo hewa ni nyepesi, na kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa kama sehemu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Mwenye mapafu mazima hazoei hata kulitambua. Lakini mishipa ya mapafu ina tabia ya kujibana panapokuwa na oksijeni kidogo, na kwa mgonjwa mishipa hiyo tayari imebana. Madaktari wa nchi nyingi huwaonya wagonjwa wao wasipande zaidi ya mita 1,500 mpaka 2,000 bila ushauri, na sisi tunaishi humo.

Hatusemi watu wahame. Tunasema mambo mawili. La kwanza, mgonjwa aliyeanzishiwa mazoezi Dar es Salaam asirudi Ufipa na kuendelea na kiasi kilekile siku ya pili yake. Apunguze, kisha apandishe polepole, na amweleze daktari kabla ya kusafiri kwamba anaishi juu. La pili, anayetoka Kala au Wampembe kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika akapanda huku kwetu amepanda karibu mita 1,000 kwa safari moja. Siku hiyo asibebe mzigo, hata kama anajisikia vizuri.

Kwa nini wagonjwa walikatazwa, na kwa nini wakaruhusiwa

Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa mmoja: pumzika. Hofu ilikuwa ya kweli. Mgonjwa akijikaza, misuli inadai damu nyingi, moyo wa kulia unashindwa kuipitisha kwenye mapafu, ubongo unakosa damu, mtu anaanguka. Wapo waliokufa hivyo.

Lakini kupumzika nako kuna gharama. Misuli isiyotumika hunyauka. Misuli iliyonyauka hutumia oksijeni vibaya, hivyo kazi ileile ndogo inadai damu nyingi zaidi kutoka kwa moyo uleule mgonjwa. Mtu anachoka zaidi, anakaa zaidi, ananyauka zaidi.

Mwaka 2006 madaktari wa Heidelberg, Ujerumani, walitoa matokeo yaliyowafanya wenzao wafikiri upya. Walichukua wagonjwa 30 waliokuwa tayari kwenye dawa na hali zao zimetulia. Nusu yao walifanya mazoezi mepesi kwa majuma 15: majuma 3 hospitalini chini ya macho ya wataalamu, na majuma 12 nyumbani. Waliendesha baiskeli isiyokwenda, walitembea, walijifunza kupumua, na walinyanyua vyuma vidogo vya nusu kilo mpaka kilo moja. Kipimo kilikuwa umbali ambao mtu anaweza kutembea kwa dakika 6. Waliofanya mazoezi waliongeza wastani wa mita 96. Wenzao walipungukiwa mita 15.

Uchunguzi mkubwa zaidi ulitolewa mwaka 2021, ukiwa na wagonjwa 116 kutoka nchi 10 za Ulaya. Safari hii tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa mita 34. Ni ndogo kuliko ile ya kwanza, na ndivyo inavyokuwa mara nyingi jambo likijaribiwa kwa watu wengi zaidi. Lakini ilikuwepo. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa moyo na wa mapafu wa Ulaya viliandika katika mwongozo wao kwamba mgonjwa aliye kwenye dawa afanye mazoezi chini ya usimamizi. Mazoezi hayafungui mishipa iliyobana wala hayachukui nafasi ya dawa. Yanafundisha misuli kudai kidogo.

Mikono ina nini cha pekee?

Hapa ndipo tunataka tukae kidogo. Fikiria kazi za siku nzima za mama wa nyumbani. Kusonga ugali, kufua, kukamua nguo, kuanika, kupeta ulezi, kumbeba mtoto, kuchana nywele. Zote ni mikono. Mgonjwa anaweza kutembea mpaka kwa jirani akiwa mzima, kisha akakosa pumzi kwa kuanika mashuka mawili. Watu wa nyumbani wanashangaa, na mama mkwe anaanza kunung'unika kwamba huyu anachagua kazi. Hachagui.

Sababu ni mbili. Misuli ya mikono ni midogo kuliko ya mapaja. Kazi ya kiasi kilekile ikifanywa kwa mikono, moyo hudunda haraka zaidi na presha hupanda zaidi kuliko ikifanywa kwa miguu. Hata mtu mzima mwenye afya, akijitahidi mpaka mwisho wa uwezo wake kwa mikono peke yake, hufikia kama asilimia 70 tu ya oksijeni anayoweza kuitumia kwa miguu. Sababu ya pili ni kwamba misuli ya mabega na shingo ina kazi mbili. Inanyanyua mikono, na mtu akihema sana inasaidia kuinua kifua. Ukimpandisha mgonjwa mikono juu ya kichwa umemnyang'anya wasaidizi wake wa kupumua wakati anapowahitaji.

Msomaji atauliza: kama mikono inachosha moyo kuliko miguu, kwa nini tuichague? Kwa sababu maisha yameichagua tayari. Mguu uliozoezwa hausaidii sana mkono usiozoezwa, na mgonjwa hawezi kuikwepa mikono yake hata akikaa barazani. Tena yapo mambo ya huku kwetu. Njia ni za vilima, na kuanzia Novemba mpaka Aprili ni matope. Mwenye miguu iliyovimba au goti bovu hawezi kutembea dakika 20. Mazoezi ya mikono hufanyika kwenye kiti, ndani ya nyumba, mtu mwingine akiwa karibu, na yanaweza kusimamishwa mara moja bila mgonjwa kubaki katikati ya njia.

Nchini Uturuki wagonjwa wa presha ya mishipa ya mapafu walifanyishwa mazoezi ya mikono ya kuongeza pumzi kwa majuma 6, siku 3 kwa juma, wakianzia dakika 15 na kupanda mpaka 45. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2020, yalionyesha kwamba uwezo wao wa kutumia oksijeni na nguvu ya kufanya kazi kwa mikono viliongezeka. Ni uchunguzi mdogo, na sisi hatuushabikii kupita kiasi. Anayeweza kutembea atembee pia.

Jinsi yanavyofanyika

Kwanza ruhusa. Mgonjwa awe amepimwa, aina ya ugonjwa inajulikana, yuko kwenye dawa, na hali yake imetulia kwa majuma kadhaa. Aliyezirai karibuni, anayetema damu, mwenye homa, au ambaye uvimbe wa miguu unaongezeka siku hadi siku, asianze. Mjamzito mwenye ugonjwa huu yuko katika hatari kubwa kuliko tunavyoweza kueleza katika ukurasa huu. Aonane na daktari siku hiyohiyo, na mume aende naye. Wenye ndoa ambao bado hawajapata mimba waende kuuliza kabla, si baada.

Hospitalini wataalamu wa fiziotherapia wana mashine kama baiskeli ndogo iliyowekwa juu ya meza, ambayo mtu anaizungusha kwa mikono. Ikiwezekana mara za kwanza zifanyikie huko, maana mtaalamu atapima mapigo ya moyo na kumbana mgonjwa kile kifaa cha kidoleni kinachoonyesha oksijeni, kisha atampa namba zake: mapigo yasizidi hapa, oksijeni isishuke chini ya hapa. Usichukue namba za mgonjwa mwingine. Wetu wa nyanda za juu huanza chini kidogo hata wakiwa wamepumzika.

Nyumbani mashine haihitajiki. Mgonjwa akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili sakafuni, saa mbili baada ya kula. Akunje viwiko, ngumi mbele ya kifua, azungushe mikono mbele yake kama anayekanyaga pedeli za baiskeli, mikono isipande juu ya mabega. Polepole. Dakika 1, kisha apumzike dakika 1 mikono ikiwa mapajani. Siku za kwanza mizunguko 4 au 5 inatosha, na kwa wengine 3. Wakati wote apumue: atoe pumzi kwa kuchonga midomo kama anayepuliza uji wa moto, na asibane pumzi hata mara moja. Anayebana pumzi anaongeza presha ndani ya kifua na kuzuia damu isirudi kwenye moyo, na hapo ndipo watu wanapoanguka.

Fundi baiskeli mwenye akili anaweza kutoa kranki na pedeli zake kwenye fremu kuukuu na kuzifunga imara juu ya meza nzito, ekseli ikiwa chini kidogo ya usawa wa mabega. Bila cheni inazunguka kwa wepesi, na wepesi ndio tunaoutaka. Isiwe mashindano kati ya mgonjwa na wajukuu.

Kipimo cha nguvu ni mdomo. Mgonjwa akiwa anazungusha, muulize habari za shamba. Akiweza kujibu sentensi nzima, anakwenda vizuri. Akijibu neno mojamoja, amezidisha. Akiweza kuimba, anaweza kuongeza kidogo, lakini aongeze dakika kwanza, si kasi. Kila juma aongeze dakika 1 au 2 kwa jumla. Baada ya miezi miwili wengi wataweza kufika dakika 15 au 20 kwa kuzipasua vipandevipande, siku 3 kwa juma, siku moja ya kupumzika katikati. Baadaye, kwa ruhusa, ashike chupa ya maji ya nusu lita kila mkono na kukunja viwiko mara 5 hadi 8, mkono mmoja baada ya mwingine. Chupa hiyo ni nusu kilo, uzito uleule waliouanzia wale wa Heidelberg.

Asimame mara moja akisikia kizunguzungu, kifua kubana, moyo kwenda mbio bila mpangilio, macho kufifia, au midomo ikibadilika rangi. Akae, asilazwe chali kwa nguvu, nguo zilegezwe shingoni. Kama haikutulia baada ya dakika chache, au amezirai hata kwa nukta chache, siku hiyo ni ya hospitali na mazoezi yamekwisha mpaka daktari aseme tena.

"Lakini kutwanga si mazoezi?"

Swali hili halikosi kuulizwa huku kwetu, na ni swali zuri. Kutwanga ni mikono, ni tena na tena, na kunatoa jasho. Lakini mchi ni mzito, unapanda juu ya kichwa, na kila unaposhuka mtwangaji hubana pumzi na kuguna. Hayo yote matatu ndiyo tuliyoyakataza. Kulima matuta ya ntumba ni vilevile, tena mtu ameinama. Kujitwisha ndoo ya maji ni hatari zaidi, kwa sababu ni kunyanyua kilo 20 kwa mkupuo mmoja pumzi ikiwa imefungwa. Hata kusonga ugali wa watu wanane, umesimama juu ya moto wenye moshi, si kazi ya mgonjwa huyu.

Kazi anazoweza kupewa zipo, na apewe. Kuchambua maharage, kupukuchua mahindi kidogo akiwa amekaa, kukunja nguo, kumenya viazi, kushona, kusuka nywele za mtoto aliyeketi chini ili mikono ya msukaji isipande. Nguo zianikwe kwenye kamba iliyoshushwa usawa wa kifua. Kamba hii ya chini haigharimu kitu, nasi tunashangaa jinsi ilivyo nadra.

Neno moja juu ya dawa, maana limewahi kuleta ugomvi ndani ya nyumba. Mojawapo ya dawa za ugonjwa huu ni sildenafil, ileile inayouzwa mijini kwa wanaume kwa jina la Viagra. Kazi yake hapa ni kulegeza mishipa ya mapafu. Mama akirudi nayo kutoka hospitali, baba asishtuke, na wala asiazime. Isichanganywe kamwe na zile dawa za maumivu ya kifua zinazowekwa chini ya ulimi, kwani presha ya mwili huanguka ghafla. Na asiiache kwa kuwa mazoezi yamemtia nguvu.

Mwana mmoja anayejua kuandika awekewe daftari. Kila siku ya mazoezi aandike tarehe, dakika ngapi, alipumzika mara ngapi, mapigo ya moyo kabla na baada, na kama miguu ilivimba jioni. Uzito upimwe asubuhi palipo na mizani. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu bila kula zaidi, ni maji yanajikusanya, na safari ya kliniki isingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Daftari hilo liende pamoja na mgonjwa.